SHINGO, TAYA NA SIMU: MAELEZO KWA WAZAZI NA VIJANA



Ukipita jioni karibu na vibanda vya kuchaji simu pale Base Camp, au mahali popote hapa Nakivale ambapo mtandao unashika vizuri, utawakuta vijana wamejipanga ukutani, vichwa vimeinama, simu zimewekwa mapajani. Wengine ni watatu kwa simu moja: mwenye simu yuko katikati, wawili wamepinda shingo kutoka pembeni ili nao waone. Wanakaa hivyo saa nzima, saa mbili, mpaka chaji iishe. Kesho yake mama anamleta mtoto kituo cha afya na kusema, "Musawo, huyu analalamika shingo kila siku. Ni hii simu." Na mara nyingine anaongeza jambo la pili: taya linamuuma akila, na linalia "ka!" akipiga mwayo.

Je, simu inaweza kweli kuumiza shingo na taya la kijana? Kwa kiasi gani? Na ni maumivu gani yanayofanana na hayo lakini hayatokani na simu hata kidogo, bali yanataka mgonjwa afikishwe kituoni siku ileile? Hayo ndiyo tunayoeleza katika toleo hili. Sehemu inayohusu dalili za hatari tunaomba isomwe hata na wale ambao nyumbani kwao hakuna simu.

KICHWA NI MZIGO

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kinakaa juu ya pingili 7 za shingo, na kinashikwa na misuli iliyo nyuma ya shingo, kuanzia kisogoni hadi mabegani na mgongoni. Kichwa kikiwa wima juu ya mabega, misuli haifanyi kazi kubwa. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma lazima ivute ili kisianguke kifuani. Kadiri kinavyoinama ndivyo inavyovuta zaidi.

Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa mgongo huko New York, Kenneth Hansraj, alichapisha hesabu za mzigo huo alizozifanya kwa kompyuta. Kichwa kikiinama nyuzi 15 tu, shingo hubeba kama kilo 12. Kikiinama nyuzi 30, kilo 18. Nyuzi 45, kilo 22. Na kikiinama nyuzi 60, yaani kidevu kinakaribia kugusa kifua, mzigo hufika kilo 27.

Jerikani ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 na kidogo. Kwa hiyo kijana anayetazama filamu na simu iko mapajani ni kama amebebeshwa jerikani shingoni. Lakini hapa tunaomba tuelewane vizuri, kwa sababu mama mmoja anaweza kusema, "Mimi nabeba jerikani kichwani tangu nina miaka minane, mbona sijafa?" Ana haki ya kuuliza. Mtu aliyebeba maji na ngata kichwani anatembea shingo ikiwa wima, anafika nyumbani, anatua. (Hata hivyo mzigo mzito kila siku nao huchosha shingo, hasa ya mtoto, na hilo si jambo la kulidharau.) Mwenye simu anainama na hatui. Misuli inayovuta bila kupumzika haipati damu ya kutosha, inachoka, inakaza, na kesho yake inauma. Kinachoumiza zaidi ni kukaa mkao mmoja muda mrefu. Ndiyo maana hata fundi cherehani, msuka mikeka na mwanafunzi anayesoma kitabu sakafuni hupata maumivu hayohayo bila kugusa simu.

JE, SHINGO ITAPINDA MILELE?

Kuna maneno mengi yanayozunguka, na mengine yanatisha wazazi bure. Mwaka 2019 magazeti ya nchi nyingi yaliandika kwamba vijana wameanza kuota "pembe" nyuma ya kichwa kwa sababu ya simu. Habari hiyo ilitokana na utafiti wa Australia uliotazama picha za eksirei za kisogo. Watafiti hao hawakupima kabisa ni muda gani watu hao walitumia simu. Wataalamu wenzao waliukosoa utafiti huo, na jarida lililouchapisha likatoa masahihisho mwaka huohuo. Kwa hiyo ukiambiwa mtoto ataota pembe, usipoteze usingizi.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2018, ulifanywa Rio de Janeiro, Brazil, kwa vijana 150 wenye umri wa miaka 18 hadi 21. Watafiti waliangalia jinsi kila mmoja anavyoshika simu na kama anaumwa shingo. Hawakuona kwamba wanaoinama zaidi ndio wanaoumwa zaidi. Tafiti nyingine zimeona uhusiano kati ya saa nyingi za simu na maumivu ya shingo. Maana yake ni kwamba kuinama siyo sumu. Vijana wawili wanaweza kuinama sawasawa, mmoja akaumwa na mwingine asiumwe. Anayelala vibaya, mwenye mawazo mengi, na asiyecheza mpira wala kutembea huumwa kwa urahisi zaidi.

Misuli na viungo vya kijana hurudi katika hali nzuri akibadilisha mkao na kufanya mazoezi. Hatuna sababu ya kuwaambia kwamba mtoto wenu ameshaharibika.

TAYA LINAINGIAJE HAPA?

Weka ncha za vidole vyako mbele ya masikio yako yote mawili. Sasa fungua mdomo na ufunge, polepole. Unasikia kitu kinatembea chini ya vidole? Hicho ni kiungo cha taya. Ni kiungo cha ajabu kidogo: mdomo ukifunguka, taya huzunguka kama bawaba ya mlango, na pia huteleza mbele. Katikati ya mifupa kuna kipande chembamba kama gegedu kinachosaidia mifupa isisagane. Kipande hicho kikisogea kidogo kutoka mahali pake na kurudi, ndipo unaposikia "ka!"

Taya limening'inia kwenye fuvu kwa misuli. Misuli ya kutafunia ipo mashavuni na kwenye panja. Misuli mingine iko chini ya kidevu na inashuka hadi kooni. Kichwa kikisogea mbele, ile ya chini ya kidevu huvutika, na yenyewe hulivuta taya nyuma na chini. Ili mdomo usibaki wazi, misuli ya mashavuni nayo hulazimika kuvuta juu. Jaribu mwenyewe: kaa wima, gonganisha meno taratibu. Kisha sogeza kichwa mbele kama kobe anayetoka gambani, ugonganishe tena. Watu wengi husikia meno yamegusana mahali tofauti.

Hata hivyo, tukisema ukweli, kwa taya mkao ni sehemu ndogo tu ya habari. Kubwa zaidi ni kubana meno. Mtu akizama katika mchezo wa simu, au akisubiri ujumbe unaomtia hofu, hubana meno bila kujua. Kwa kawaida meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana isipokuwa wakati wa kutafuna na kumeza. Midomo hufungwa, lakini ndani meno yameachana kidogo. Kijana anayebana meno saa mbili jioni, kisha akasaga meno usiku akiwa usingizini, ataamka na mashavu yamechoka, panja zinauma, na wakati mwingine atadhani ni sikio au jino.

Na hapa kwetu vijana wana sababu za kubana meno. Tangu mapigano ya Goma ya Januari 2025, wengi hushika simu usiku wakitafuta habari za ndugu waliobaki nyuma: nani amefika, nani hapokei. Mtoto aliyejifunika blanketi saa saba za usiku, mwanga wa simu usoni, huenda hachezi. Huenda anasubiri sauti ya shangazi yake. Ukimnyang'anya simu hiyo, shingo inaweza kupumzika, lakini moyo hautapumzika, na meno ataendelea kuyabana. Kaa naye kwanza umuulize anasubiri nini.

Maumivu ya taya huwapata zaidi wasichana kuliko wavulana baada ya kubalehe. Si kwamba wasichana wanadeka. Na jambo moja la kuwatuliza: taya linalolia "ka!" bila maumivu, na mdomo unafunguka vizuri, ni jambo la kawaida kwa watu wengi na halihitaji dawa.

USISINGIZIE SIMU: DALILI ZA HATARI

Hofu yetu kubwa ni mzazi atakayesema "ni simu tu, itapita," kumbe ni ugonjwa mwingine. Simu haileti homa. Simu haivimbishi shavu.

Shingo iliyokaza pamoja na homa, kichwa kinachouma sana, kutapika, kuumizwa na mwanga, kuchanganyikiwa au kusinzia kupita kiasi: hii inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Huua kwa muda mfupi, wakati mwingine ndani ya siku moja. Usisubiri asubuhi, usimpe kwanza dawa za dukani. Mpeleke kituoni usiku huohuo. Homa pamoja na maumivu ya mwili inaweza pia kuwa malaria, na kipimo ndicho kitakachosema.

Taya lililokaza lisifunguke, hasa kama kijana alikanyaga msumari, alijikata na jembe, alichomwa na mwiba au alichanjwa chale katika wiki tatu zilizopita: hii inaweza kuwa pepopunda. Kidonda kinaweza kuwa kidogo na kimeshafunga. Baadaye mwili mzima hujikaza akiguswa au akisikia kelele. Pepopunda haitibiwi nyumbani. Na kama hukumbuki mwanao alipata lini chanjo ya pepopunda, muulize mhudumu wa VHT wa kijiji chako sasa hivi, kabla msumari haujamkuta.

Uvimbe wa shavu au chini ya taya, homa, jino linalopiga: huo ni usaha wa jino. Ukishindwa kumeza mate au kupumua vizuri, ni dharura.

Mdomo uliobaki wazi baada ya kupiga mwayo au kuuma muwa, ukashindwa kuufunga: kiungo kimetoka mahali pake. Asikusukume mtu taya kwa nguvu. Funika mdomo kwa kitambaa safi uje kituoni.

Shingo iliyoanza kuuma baada ya kuanguka kutoka boda boda au mtini, au maumivu yanayoshuka mkononi pamoja na ganzi, vidole kukosa nguvu au miguu kulegea: usimwache atembeetembee, wala usimkande. Tezi za shingo zilizovimba zaidi ya wiki mbili, pamoja na kukonda au kutoka jasho usiku, zinataka kipimo cha kifua kikuu.

KIJANA, JIPIME MWENYEWE

Simama ukiwa umeegemea ukuta: visigino, makalio na mabega viguse. Usilazimishe. Je, kisogo kinagusa ukuta chenyewe, huku macho yakitazama mbele? Kama inabidi uinue kidevu juu ndipo kiguse, kichwa chako kimezoea kukaa mbele.

Kisha taya. Chukua vidole vitatu vya mkono wako mwenyewe, cha shahada, cha kati na cha pete, uvisimamishe kimoja juu ya kingine, ujaribu kuviingiza kati ya meno ya mbele. Vikiingia vyote bila maumivu, taya linafunguka vizuri. Vikiingia viwili tu au kimoja, njoo tukuangalie.

MKAO KATIKA NYUMBA ISIYO NA KITI

Maelezo mengi juu ya jambo hili huandikwa kwa watu wenye meza na viti vya ofisini. Sisi tunajua nyumba zetu zilivyo. Kaa chini, mgongo ukiwa ukutani, magoti yakiwa yamekunjwa. Weka viwiko juu ya magoti. Simu itapanda yenyewe hadi usawa wa kifua au uso, na mikono haitachoka kwa sababu imeegemea. Hili moja tu likifanyika, kazi kubwa imekwisha.

Kama mnatazama filamu wengi, msiishike simu. Iegemezeni kwenye jerikani mbili zilizopandana, au juu ya sanduku, usawa wa macho, wote mkae mbele yake. Atakayekaa pembeni leo akae katikati kesho. Kwenye kibanda cha kuchaji, waya ni mfupi, na ndiyo maana mnajikunja karibu na soketi: iache simu ichaji, mzungumze, kisha muichukue. Mchana wa jua kali kioo hakionekani, na mtu hujikunja ili kukitilia kivuli, sogea kivulini. Usilale kifudifudi ukitazama simu, kwani shingo inakunjwa kinyume na taya linabanwa na kiganja. Na kama una jambo refu la kumwambia ndugu, tuma ujumbe wa sauti badala ya kuandika. Sauti inasikilizwa hata ukiwa unatembea, kichwa kikiwa juu.

Kila baada ya dakika 20 hivi, inuka. Huna saa? Kila wimbo wa tano, au kila mara mchezo unapoisha. Tembea, zungusha mabega, angalia mbali. Usiku weka simu kando angalau saa moja kabla ya kulala, isipokuwa kuna jambo la lazima. Asiyelala vizuri husikia maumivu mara mbili.

MAZOEZI MACHACHE

La kwanza: kaa au simama wima, macho mbele. Vuta kidevu nyuma moja kwa moja, kama mtu anayetaka kutengeneza kidevu cha pili, bila kuinamisha kichwa. Shika sekunde 5, achia. Rudia mara 10, asubuhi na jioni.

La pili: vuta mabega nyuma kana kwamba unataka kubana kijiti kati ya mabawa ya mgongo. Sekunde 5, mara 10.

La tatu ni la taya, na linafanyika hata darasani. Weka ncha ya ulimi juu kwenye kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya mbele. Funga midomo, achanisha meno, pumua kwa pua. Ukiwa umeacha ulimi hapo, fungua mdomo polepole kadiri unavyoweza bila ulimi kuachia, funga. Mara 6. Wengine hufunga uzi mdogo mwekundu kwenye simu: kila wakiuona wanajiuliza, "Meno yangu yanagusana?"

Taya likiwa linauma, kanda kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto yasiyounguza, dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku. Kwa wiki mbili kula vyakula laini: uji, viazi, maharage yaliyoiva sana, ndizi. Acha muwa, mahindi makavu ya kuchoma na chingamu. Mirungi nayo ni kutafuna saa nyingi upande mmoja, mbali na madhara yake mengine. Ukipiga mwayo, weka ngumi chini ya kidevu ili mdomo usifunguke sana.

Usimruhusu kinyozi akuvunje shingo baada ya kukunyoa, hata kama ile "krak" inapendeza. Usikubali kung'olewa jino zima kwa sababu ya maumivu ya taya ambayo hayajachunguzwa. Na usinywe vidonge vya maumivu vya dukani siku baada ya siku. Vingi vikinywewa tumbo likiwa tupu huleta vidonda vya tumbo.

LINI UJE KITUONI

Ukiona dalili yoyote ya hatari tuliyoitaja, saa yoyote. Bila dalili hizo, jaribu mkao, mapumziko na mazoezi kwa wiki mbili hadi tatu. Kama bado shingo inauma, taya linakwama, au kijana ameanza kuacha chakula kwa sababu ya maumivu, njoo. Kama kinachomkosesha usingizi ni habari za nyumbani, sema hivyo bila aibu, ili aonane na mshauri wa afya ya akili pia.

Njoo na daftari lake la matibabu. Mwache kijana aeleze mwenyewe inauma wapi na lini. Na aje na simu yake, ili atuonyeshe anavyoishika.